Kilabu ni wenyewe, si pombe: Kutoka Allsops hadi Gitothua na Thika

KAMA umewahi kupanda matatu ya Thika Road, basi umelisikia jina Allsops mara nyingi kuliko unavyoweza kukumbuka. Utingo hugonga bodi ya gari na kupaza sauti, "Allsops wapo?" na abiria wakajibu, "Shukisha!" Lakini ni wangapi miongoni mwetu, mpenzi msomaji, waliowahi kujiuliza huyo Allsops alikuwa nani?

Allsopp ni jina la ukoo wa watengenezaji pombe wa mji wa Burton upon Trent, nchini Uingereza. Ukoo huo ulivuma tangu miaka ya 1820 kwa pombe yake iliyosafirishwa kwa merikebu hadi Bara Hindi. Kampuni yenye jina hilo ilikuwa na kiwanda hapa Nairobi wakati wa ukoloni, na hatimaye ikamezwa na East African Breweries. Kampuni ilikwenda zake, jina likabaki barabarani.

Hapo hapo jirani, Ruaraka, ndipo ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walipoanzisha Kenya Breweries mwaka wa 1922. Makreti kumi ya kwanza yalipelekwa katika hoteli ya Stanley, Nairobi, mwezi Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda, na ndiyo sababu bia yetu maarufu ikaitwa Tusker, yaani ndovu mwenye pembe kubwa.

Hivyo basi, hii ni barabara ya pombe hata kabla hujafika Githurai. Jumapili ya leo tunakualika tuifuate hadi Gitothua, kisha tuendelee mpaka Thika, tukitafuta jibu la swali moja ambalo jamaa nyingi za Kiambu zimeliuliza kwa machozi: Ni kitu gani hufanya nyumba ya pombe kuwa mahali pa watu wenye heshima zao, na ni kitu gani huigeuza kuwa kaburi?

Mji uliozaliwa shambani

Safari yenyewe si ndefu. Panda gari nambari 145 katikati ya jiji na ikiwa hakuna msongamano, utapita Roysambu, Githurai na Chuo Kikuu cha Kenyatta kabla hujamaliza kusoma gazeti lako. Barabara hii kuu, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, imeifanya Ruiru kuwa kama chumba cha nyuma cha Nairobi. Watu hulala huku na kufanya kazi kule.

Gitothua ni mojawapo ya wadi za Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu. Usitarajie kuona nyumba za makuti au ng'ombe wakichungwa kando ya barabara. Utakachoona ni majumba ya kukodisha yaliyopanda juu ghorofa baada ya ghorofa, nguo zikining'inia kwenye roshani, maduka ya Mpesa, makanisa ya mabati, vinyozi, na bodaboda zilizopangwa zikingoja wateja. Jioni ikiingia, moshi wa mutura na mahindi ya kuchoma hupanda, na watoto huitwa ndani.

Ajabu ni kwamba haya yote yametokea katika umri wa mtu mmoja. Wazee wa eneo hili walikua Ruiru ikiwa nchi ya mashamba makubwa ya kahawa na katani. Hata leo, ukitaja Ruiru kwa mtaalamu wa kilimo popote duniani, atakachokumbuka ni kinywaji kisicholevya: Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapa, yenye uwezo wa kuhimili magonjwa yaliyokuwa yakimaliza mibuni. Lakini mibuni mingi imeng'olewa na mahali pake pakaota nyumba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, idadi inayoushinda hata mji wa Eldoret.

Watu wanaohamia mahali upesi namna hiyo huja na kila kitu isipokuwa kimoja. Huja na vitanda, sufuria, televisheni na watoto. Hawaji na majirani wa kuwakanya. Ndiyo maana Gitothua ni mahali pazuri pa kutafutia jibu letu. Hapa vinywaji vya vizazi vitatu hukutana: muratina wa babu, kegi ya baba, na chupa ndogo ya mwana.

Ndani ya kilabu cha kegi

Ukiingia katika baa ya kawaida ya mtaa kama huu baada ya saa kumi na moja jioni, utaona mabenchi ya mbao, meza zilizochoka, na nyuma ya kaunta, mara nyingi ikiwa imekingwa kwa wavu wa chuma, pipa la kegi lililounganishwa na mpira na bomba. Mhudumu hufungulia bomba, jagi likajaa, povu likapanda. Wateja ni mafundi wa ujenzi, makuli, madereva, wachuuzi wa sokoni. Huzungumza habari za kandanda, siasa, bei ya unga na karo ya shule.

Kegi hii, inayoitwa Senator, ililetwa sokoni mwaka wa 2004. Nia ilikuwa kumpa mwananchi wa kipato kidogo pombe safi ya kiwandani kwa bei ambayo angeimudu, ili aachane na vinywaji vya vichochoroni. Serikali ilikubali kusamehe ushuru, na baadaye mtama wa wakulima wetu ukatumiwa kuitengeneza. Seneta mmoja wa Marekani mwenye asili ya Kenya alipoanza kupata umaarufu, wanywaji hawakuchelewa kuibandika kegi jina la Obama.

Mwaka wa 2013 serikali ilipunguza msamaha ule wa ushuru. Bei ya kegi ikapanda na mauzo yakaanguka vibaya. Je, unafikiri waliokuwa wakiinywa waliacha kunywa? La hasha! Wengi waligeukia vinywaji vya bei ya chini zaidi visivyojulikana vilikotoka. Baadaye serikali ililazimika kuurudisha msamaha huo kwa sehemu kubwa.

Hili ni somo la kwanza la safari yetu. Mtu maskini akifungiwa mlango mmoja wa pombe, hatarudi nyumbani kulala. Ataukuta mwingine ulio wazi, na huenda usiwe na taa.

Waingereza na pombe iliyo hai

Kabla hatujaondoka katika kilabu hiki, hebu tuvuke bahari kidogo, tuone wenzetu wa kule alikotoka Allsopp wanafanya nini. Utashangaa kusikia kwamba huko, neno kegi ni tusi kwa wapenzi wa pombe ya asili.

Katika vijiji vya Uingereza kuna vilabu vya kale ambavyo havina haraka. Pombe yao hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa kimea, maji, hamira na maua ya hopsi. Ikitiwa katika pipa haichemshwi kuua hamira wala haisukumwi kwa gesi kutoka kwenye mtungi. Huendelea kuchacha taratibu mle mle katika pipa, ndani ya sebule ya chini ya ardhi yenye ubaridi wa kadiri ya nyuzi 12 za Selsiasi. Mwenye kilabu huivuta juu kwa bomba la mkono. Kwa kuwa iko hai, pipa likishafunguliwa inapasa liishe kwa siku chache, la sivyo pombe itageuka siki.

Mnamo miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilianza kuiondoa pombe hiyo na kuleta kegi: pombe iliyochemshwa, iliyotiwa gesi, isiyohitaji mtu wa kuiangalia. Mwaka wa 1971, Waingereza wanne waliokuwa likizoni katika kilabu kimoja magharibi mwa Ireland walikata shauri kuanzisha chama cha kuitetea pombe iliyo hai. Chama hicho, CAMRA, kikapata maelfu ya wanachama, na viwanda vikasalimu amri.

Utauliza, hao watu wazima hawakuwa na kazi nyingine ya kufanya? Lakini hebu tulifikirie jambo hili. Pombe iliyo hai humlazimisha mwenye kilabu kuijua kazi yake na kuwajua wateja wake. Haiwezi kurundikwa dukani miezi sita. Hudai kunywewa na watu wanaotoka mahali pamoja, kwa wakati mmoja, chini ya jicho la mtu mmoja anayewafahamu. Kwa hivyo, waliokuwa wakitetea pipa walikuwa pia wakitetea utaratibu wa kijiji.

Kibuyu cha mzee

Sasa turudi nyumbani, maana sisi pia tulikuwa na pombe iliyo hai kabla merikebu ya kwanza ya Mzungu haijatia nanga Mombasa. Wagikuyu huiita muratina.

Jina hilo ni la mti. Wataalamu huuita Kigelia africana na baadhi ya Waswahili huuita mwegea. Matunda yake ni marefu na mazito, yaning'iniayo kama soseji kubwa. Tunda hupasuliwa, nyama na mbegu zake huondolewa, kisha nyuzi zinazobaki huchemshwa na kuanikwa juani. Katika nyuzi hizo ndimo hamira hukaa. Tunda moja lililotunzwa vyema huweza kutumika kwa pombe nyingi, likikaushwa na kuwekwa tena kila mara, kama mama anavyotunza chachu ya maziwa yake.

Maji ya miwa iliyopondwa, au asali iliyochanganywa na maji, hutiwa ndani ya kibuyu kikubwa pamoja na nyuzi zile. Kibuyu huwekwa karibu na moto ili joto lifanye kazi. Baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari, nayo yafaa kunywewa upesi kabla haijachachuka kupita kiasi. Unaona sasa? Ni kanuni ile ile ya mapipa ya Waingereza, nasi hatukufundishwa na mtu.

Lakini la muhimu zaidi ni nani aliyekunywa, na lini. Muratina haukuwa wa kila mtu wala wa kila siku. Ulipikwa kwa sababu: harusi, upatanisho, shukrani, kikao cha wazee. Kabla ya kunywa, mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Kijana hakuruhusiwa kushika pembe ya kunywea mbele ya wazee. Pombe ilingoja hadi mtu awe na mji wake na majukumu yake. Katika shughuli za posa, msichana aliulizwa kwanza mbele ya jamaa ikiwa pombe iliyoletwa na watu wa mvulana inywewe au la. Akisema isinywewe, posa ilivunjika na wazee wakarudi makwao na kiu yao.

Hebu fikiria uzito wa jambo hilo. Kibuyu kizima kiko mbele ya wazee wenye mvi, na neno la binti mmoja ndilo linaloamua kama watakunywa. Pombe haikuwa na amri. Iliamriwa. Hadi leo, katika ruracio nyingi zinazofanyika Ruiru na kwingineko Kiambu, kibuyu cha muratina bado huwa na mahali pake, hata kama kando yake pamepangwa makreti ya soda na bia.

Mambo yalipoharibika

Utaratibu huu haukufa siku moja. Wakoloni walichukua biashara ya pombe mikononi mwao. Katika miaka ya 1920 wakuu wa mji wa Nairobi walifungua ukumbi wa pombe kule Pumwani, ambako Mwafrika alinunua pombe ya kienyeji kutoka kwa serikali ya mji ile ile iliyomkamata akipika yake nyumbani. Bia ya chupa ya Kizungu ilikuwa haramu kwake, na vizuizi hivyo vilianza kulegezwa tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa mara ya kwanza, aliyeuza pombe hakuwa na ujamaa wowote na aliyekunywa. Alichotaka ni shilingi yake.

Baada ya uhuru, upigaji marufuku uliendelea. Chang'aa iliharamishwa kwa sheria ya 1980. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kwamba cha kuvunda hakina ubani. Biashara ilijificha, na ilipojificha ikawa mbaya zaidi, kwa kuwa gizani hakuna anayeuliza kilichotiwa ndani. Mwezi Novemba mwaka wa 2000, pombe iliyojulikana kama kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwa mojawapo. Mwezi Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga.

Muuaji mara nyingi huwa methanoli, pombe ya viwandani isiyofaa kunywewa. Mwilini hugeuka sumu inayoshambulia mishipa ya macho. Haina ladha ya kumwonya mnywaji. Ndiyo maana walionusurika husimulia kwamba waliuliza mbona taa zimezimwa, ilhali taa zilikuwa zinawaka.

Zaidi ya wanaokufa kwa siku moja kuna wanaokufa pole pole. Katika mtaa wowote wa Ruiru, uliza akina mama watakwambia. Kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne akiwa na alama nzuri na sasa anaamka akitetemeka mikono. Kuna mume asiyekumbuka darasa la mtoto wake. Kuna nyanya anayelea wajukuu ilhali wazazi wao wako hai. Mwezi Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru vinywaji vya kizazi cha pili viangamizwe, na umati wa watu, wakiongozwa na wanasiasa, ukamwaga pombe mitaroni kote Kiambu. Mwaka wa 2018 serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa Kaa Sober, uliowalipa walevi shilingi 400 kwa siku ili wafanye usafi na wajirekebishe. Pombe ilimwagwa, fedha zikatumika, lakini chupa ndogo zilirudi.

Kwa nini zilirudi? Kwa sababu tulimwaga kinywaji bila ya kurudisha utaratibu. Kijana anayekunywa chupa yake amesimama nyuma ya kibanda, peke yake, saa tatu asubuhi, hana mzee wa kumwambia "mwanangu, imetosha." Mwenye kibanda hamjui jina. Hakuna chakula, hakuna kiti, hakuna hadithi. Kuna kiu na shilingi tu.

Chini ya maporomoko ya Thika

Sasa tuondoke Gitothua, turudi barabara kuu na kuendelea kaskazini. Tutaipita Juja na baada ya muda mfupi tutaingia Thika, umbali wa kilomita arobaini na kitu hivi kutoka Nairobi. Hapo kuna nyumba inayoweza kutuonyesha sura nyingine ya jambo hili.

Hoteli ya Blue Posts ilianzishwa mwaka wa 1908. Reli ilikuwa bado haijafika Thika. Ilifika mwaka wa 1913. Msafiri aliyetoka Nairobi kwa mkokoteni wa maksai alihitaji mahali pa kulala, kula na kunywesha wanyama wake, na hapa ndipo alipopata. Jina lenyewe ni la vilabu vya Kiingereza: mtaani Soho, jijini London, kuna baa zaidi ya moja zinazoitwa Blue Posts hadi leo. Mwandishi Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika akiwa mtoto mdogo, aliitaja hoteli hii katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka wa 1959 kuhusu maisha ya walowezi.

Lakini tusiipambe historia. Katika zama hizo za ubaguzi, Mwafrika aliingia katika hoteli za wazungu akiwa amebeba sinia, si akiwa ameshika glasi. Ukarimu ulikuwa wa rangi moja. Nyumba ya wageni inayomfungia nje mwenye nchi haiwezi kuitwa nyumba kamili, hata iwe na maua mangapi.

Leo milango iko wazi kwa yeyote mwenye nauli na hamu. Hoteli iko kati ya maporomoko mawili, la mto Chania upande mmoja na la mto Thika upande wa pili. Siku ya Jumapili utakuta jamaa nzima zimeketi bustanini. Baba ana bia yake moja, mama ana chai au soda, nyanya amefunikwa shali, watoto wanakimbizana nyasini, na maharusi wanapigwa picha maji yakiporomoka nyuma yao. Nyama huja kwenye ubao na kachumbari pembeni. Hakuna anayepiga kelele, si kwa sababu ya askari, bali kwa sababu nyanya anatazama.

Hapo ndipo jibu letu linapoanza kuonekana. Bia ile iliyo mezani pa baba ni ile ile inayouzwa Gitothua. Kilichobadilika ni wanaomzunguka.

Wanakijiji walionunua kilabu

Huenda utasema, hiyo ni hoteli ya wenye nacho, fundi wa Gitothua atafikaje? Ni swali la haki. Kwa hivyo nikupe mfano wa kijiji kidogo cha Hesket Newmarket, kaskazini mwa Uingereza. Kilabu chao cha kale, The Old Crown, kilipokuwa karibu kuuzwa, wanakijiji hawakungoja tajiri. Walichanga, kila mmoja akanunua hisa, na mwaka wa 2003 kikawa kilabu cha kwanza nchini humo kumilikiwa na ushirika wa wenyeji. Walikuwa wamekwisha kukinunua kiwanda kidogo cha pombe kilichokuwa nyuma yake.

Msomaji, kuchanga ni jambo ambalo sisi ndio tungepaswa kuwafundisha wengine. Ni Mkenya yupi asiyejua harambee? Ni mama yupi wa Ruiru asiye katika chama? Mashamba yaliyozaa mitaa hii mengi yalinunuliwa na watu waliochanga shilingi zao katika makampuni na vyama vya ushirika. Tumechanga tukanunua ardhi, matatu, majumba na hata majeneza. Hatujawahi kufikiria kuchanga ili tuwe na mahali pa kukaa pamoja jioni: ukumbi wenye chakula, meza ya drafti, televisheni ya mpira, chai kwa asiyekunywa, na kegi kwa anayekunywa, chini ya kanuni zilizowekwa na wenyeji wenyewe.

Sheria ipo tayari. Ile ya 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge Mututho, iliifuta marufuku ya chang'aa na kuweka masharti: baa zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki, zisiwe chini ya mita 300 kutoka shuleni, asiyetimiza miaka 18 asiuziwe. Ni masharti mema. Lakini askari hawezi kuwa mzee wa kijiji. Huja mara moja kwa gari, na pengine huondoka na kitu kidogo. Mwenyeji mwenye hisa yake humo huwa macho kila siku, kwa kuwa kijana anayeharibika ni wa jirani yake.

Hata muratina ungepata nafuu. Kwa sasa ajuza anayeujua utaratibu wote wa tunda na kibuyu hupika kwa kujificha asipokuwa na leseni, na masharti ya leseni yaliandikwa kwa kuwafikiria wenye viwanda. Akifa, ujuzi wake utazikwa naye, na wajukuu watabaki na chupa isiyo na jina. Kama Waingereza waliweza kuitetea pombe yao iliyo hai hadi ikaheshimiwa, sisi tunashindwaje kumpa nyanya huyu njia ya wazi ya kupimiwa pombe yake, kuipika kwa usafi na kuipeleka katika ruracio mchana kweupe?

Ukiamua kwenda

Iwapo safari hii imekuvutia, panga kuondoka asubuhi baada ya ibada. Pitia Ruiru na uingie Gitothua kwa miguu, ununue ndizi au parachichi kwa akina mama wa barabarani. Ukikutana na mzee, msalimie kwa heshima, mwite guka, na umwulize mahali hapa palikuwaje wakati wa mashamba. Kuwa na subira, kwa kuwa jibu lake halitakuwa fupi. Watoto wasiingizwe katika baa. Sheria hairuhusu na adabu pia hairuhusu. Kisha mwendelee hadi Thika mkale chakula cha mchana karibu na maporomoko. Anayeendesha gari asionje hata tone.

Na kwa wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu ukiwa bwenini, ambaye mwenzako amekwisha kukuonyesha chupa ndogo mfukoni mwake: kabla hujaipokea, jiulize maswali ambayo wazee waliuliza mbele ya kibuyu. Nani ameipika? Tunasherehekea nini? Na ni nani hapa atakayeniambia imetosha? Ukikosa jibu la lolote kati ya hayo matatu, fanya kama yule binti wa zamani. Sema isinywewe.